Sheria Haimjui Mjomba

Jumatatu, 9 Septemba

Mama Mtendaji anataka ripoti kila jioni: nani kakamatwa, wapi, kwa kosa gani. Ripoti nampa. Lakini kazi ya mgambo ina mambo ambayo hayaandikiki kwenye ripoti, na mimi jambo likinikaa kifuani naishia kugombana na watu. Kwa hiyo nimenunua daftari langu. Humu nitatukana nikitaka, hakuna wa kunihoji.

Leo operesheni ya watoro imeanza rasmi. Mama Beatrisi, mtendaji wa kata yetu, alitupanga mstari mbele ya ofisi, mimi na Fortunatus na vijana wengine, akasema msimu wa korosho umefika na madarasa yamebaki matupu. "Mkikuta mtoto shambani, sina shida na mtoto. Nileteeni mzazi wake." Halafu akasema kiongozi wa kikosi ni Ausi. Yaani mimi. Nikapiga saluti mpaka kisigino kikauma.

Nimefurahi, nisijibaraguze. Siku zote nimekuwa mgambo wa kulinda mnada na kufukuza mbuzi kwenye bustani ya zahanati. Sasa watu watajua mimi ni nani.

Jumanne, 10 Septemba

Joto, vumbi. Baba mmoja katuona kwa mbali, kakimbilia nyuma ya choo, ubao wa shimo ukamkatikia akazama hadi kiunoni. Tukamwacha. Adhabu kaipata mwenyewe.

Alhamisi, 12 Septemba

Leo damu imetoka.

Tulimfuata Swalehe shambani kwake, upande wa njia ya Kiegei. Wanawe wawili hawajaonekana shuleni tangu Julai. Tuliwakuta wanaokota korosho na mama yao, mabibo yametapakaa chini, nzi kila mahali. Swalehe alipotuona hakukimbia. Alichukua panga akasimama.

"Watoto wangu, korosho zangu. Mnataka nini?"

"Tunakutaka wewe. Weka panga chini, mzee."

Hakuweka. Fortunatus akamzunguka kwa nyuma, akampiga teke la goti, Swalehe akaangukia gunia, na mimi nikamkanyaga mkono mpaka panga likamtoka. Mkewe akanirukia mgongoni akaning'ata bega. Wallahi hadi saa hii linawaka moto. Nikamtupa kule. Mtoto wao mkubwa alikuwa juu ya mkorosho analia, anasema atakwenda shule, kesho asubuhi atakwenda, baba yake aachwe. Mimi sipokei ahadi za juu ya mti.

Tulikuwa tumeshamfunga kamba ndipo Swalehe akageuza shingo, akanitazama. "Ausi," akasema, "hivi wewe na Hafidha wako..."

Sikumwacha amalize. Nilimpiga rungu la mdomo. Meno mawili yalitoka, moja akalimeza. Fortunatus akaniuliza taratibu, "Kamanda, huyu si alishafungwa kamba?" Nikamwambia kanitukania mama yangu. Fortunatus akatazama pembeni, akasema haya, twende.

Jumapili, 15 Septemba

Acha niandike mwenyewe alichotaka kusema Swalehe, maana humu hakuna wa kumpiga.

Hafidha ni mtoto wa dada yangu Zaina. Yuko kidato cha pili, ana akili za kuzaliwa nazo. Mimi mke wangu alirudi kwao, na watoto hatukujaliwa, kwa hiyo watoto wa Zaina ndio watoto wangu. Na hata ningekuwa na kumi wa kwangu, bado wa Zaina wangekuwa wangu. Kwetu ndivyo. Baba anazaa na kulisha, lakini mtoto aende wapi, achezwe unyago lini, aolewe na nani, mwenye kusema ni kaka wa mama. Mimi mwenyewe wajomba ndio walionitoa shule darasa la sita nikafukuze ndege kwenye mpunga, na baba yangu alikaa kimya pembeni anavuta sigara yake.

Basi Julai mama yangu kule Nanganga aliteguka nyonga, na mikorosho yetu ya huko ilitaka palizi na kupuliziwa dawa ya salfa. Nikaenda kwa Zaina nikasema Hafidha aende kwa bibi yake wiki mbili. Sikuomba. Mjomba haombi. Mume wa Zaina, Kaimu, alikuwa anachonga mpini wa jembe. Akasema tu, "Shemeji, mwaka huu ana mtihani." Nikamjibu mtihani ni Oktoba. Akaendelea kuchonga. Yeye kaja kwetu kutoka Masasi, kajenga kwenye ardhi ya mkewe, angesema nini?

Palizi ikawa salfa, salfa ikawa kuokota. Mwaka huu mikorosho imebeba hadi matawi yanalala chini. Leo nimempigia mama simu nikamwambia amwachie mtoto arudi.

"Na korosho ataokota nani?" akaniuliza. "Wewe na rungu lako?"

Akakata simu. Nitampigia tena wiki ijayo. Muda upo.

Jumatano, 18 Septemba

Muda haupo kama nilivyodhani.

Mwalimu Andrea, mkuu wa sekondari yetu ya kata, alikuja ofisini na majina ya watoro. Akatukumbusha kanuni: mwanafunzi asipoonekana siku tisini mfululizo anafutwa shule. Na mtihani wa kidato cha pili unaanza tarehe ishirini na nane Oktoba. Mwenye kufutwa hafanyi. Akaanza kusoma. Mimi nimesimama mlangoni na rungu langu, najua jina linakuja. Likaja.

"Hafidha Kaimu. Huyu siku zake zinaishia kama tarehe ishirini mwezi ujao."

Mama Beatrisi akainua kichwa. "Ausi, huyu si mtoto wa dada yako?"

"Ndiyo, Mama."

"Yuko wapi?"

Ilikuwa ni kusema tu. Nanganga, Mama, nilimpeleka mimi, namrudisha keshokutwa. Maneno machache hayo. Ulimi ukatangulia: "Nasikia baba yake kampeleka huko Ruangwa, kwa ndugu."

"Basi baba yake tutamfikia," akasema Mama Beatrisi, akaweka alama.

Mama Beatrisi ni mtu wa Njombe. Kwao baba akisema ndiyo imekwisha. Lakini Mwalimu Andrea kazaliwa Ruangwa, mama yake Mmwera, mila zetu anazijua. Alinitazama kidogo tu, halafu akainama akasoma jina linalofuata.

Ijumaa, 20 Septemba

Tumekamata watano. Hakuna aliyepigana. Bega bado linauma.

Jumanne, 24 Septemba

Kaimu kaja kwangu. Nikamtolea kigoda, akakataa, akakaa chini kwenye mchanga, viatu kavulia mbali. Mwanaume wa umri wake!

"Shemeji, nimekuja kumwomba mtoto."

Yaani anamwomba mtoto wake wa kumzaa. Aibu ilinishika, na mimi aibu ikinishika nakuwa mkali. Nikamuuliza kama kaja kunifundisha kazi ya ujomba.

"Sikufundishi. Naomba. Siku zinakwenda."

"Atarudi. Mama akipata mtu wa kumsaidia atarudi."

Akachora chora mchangani kwa kidole. Halafu akasema, "Nimesikia ofisini imesemwa kwamba ni mimi niliyempeleka."

"Nani kakwambia?"

"Kijiji kizima kinasema."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nimekaa kwenu kwa heshima miaka yote hii, shemeji. Siwezi kusimama mbele ya ofisi nikamwita kaka wa mke wangu mwongo."

Akainuka, akajikung'uta, akaondoka. Angenitukana ningempiga, tungemaliza. Upole wake huu ndio unaonikera. Nimekipiga teke kile kigoda kimevunjika mguu.

Jumamosi, 28 Septemba

Mama kasema kwenye simu magunia ya korosho yamejaa chumba kizima. Hafidha mzima wa afya. Sikuuliza zaidi.

Alhamisi, 3 Oktoba

Sijui nianzie wapi. 

Mama Beatrisi aliitisha mkutano uwanja wa mpira. Alikuwa na hasira. Mkuu wake kamwambia kata yetu ndiyo ya mwisho wilayani kwa mahudhurio. Akasema maneno yamekwisha, leo wazazi wa watoro wanachapwa mbele ya watu wote. Mzee mmoja akauliza hiyo sheria imeandikwa wapi. Fortunatus akamsukuma akakaa.

Jua lilikuwa la saa saba, uwanja hauna hata kivuli. Wakalazwa kifudifudi kwenye vumbi, mmoja mmoja. Fortunatus alichapa wa kwanza na wa pili. Swalehe naye alikuwemo, mdomo wake bado umevimba, akalia kama mtoto, na wanawe wakiwa pale na sare za shule wanatazama. Kaimu alikuwa kwenye mstari, na mimi nilikuwa namwomba Mungu zamu yake imwangukie Fortunatus.

Mama Beatrisi akasema, "Huyu mchape wewe, Ausi. Tuone kama sheria ina shemeji."

Watu walikuwa wanapiga kelele mpaka hapo, wengine wanacheka, wengine wanalaani. Kaimu alipolala chini, uwanja ukanyamaza. Hapo ndipo nilipoogopa. Nikatazama nyuso zao. Wamwera, Wayao, Wamakua, wote wametulia wananitazama mimi, si yeye. Bibi mmoja kajifunika khanga usoni. Pale hakuna mtu mzima asiyejua kwetu nani anamtoa mtoto nyumbani kwa baba yake. Walijua wote. Asiyejua alikuwa mmoja tu, amekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwavuli.

Nilipaswa kutupa fimbo. Nikajiambia nikimchapa polepole watasema nambeba, Mama Beatrisi ataanza kuuliza. Kwa hiyo nilimchapa kwa nguvu kuliko wote. Fimbo ya kwanza shati lilipasuka. Hakulia. Ya pili, ya tatu. Kadiri asivyolia ndivyo nilivyozidi kupandisha. Nilitaka apige kelele, wallahi, nilitaka anitaje jina langu, aseme ni huyu, ni huyu! Tuachane na heshima yake ile.

Mama Beatrisi akauliza, "Kwa nini ulimtoa mtoto shule?"

Kaimu akageuza shavu, mdomo umejaa vumbi, akanitazama. Hakusema kitu.

"Mkaidi. Endelea."

Fimbo iliyofuata akarudisha mkono nyuma kujikinga mgongo. Ikampata juu ya kifundo. Nilisikia mfupa. Kila mtu alisikia. Mama Beatrisi akasimama, akapaza sauti, "Basi! Basi, inatosha!"

Na mimi nikampiga nyingine. Baada ya kuambiwa basi. Kwenye ule ule mkono.

Zaina alikuwepo. Hakupiga kelele. Alikuja katikati ya uwanja, akamwinua mumewe, akamfunga mkono kwa kilemba chake, wakaondoka kichwa chake wazi. Fortunatus alininyang'anya fimbo, mimi nilikuwa bado nimeishika.

Ijumaa, 4 Oktoba

Msikitini safu yangu ilikuwa na nafasi kulia na kushoto. Sijala.

Jumamosi, 5 Oktoba

Dukani watu wanakatisha mazungumzo nikiingia. Muuza duka ananipimia sukari bila kuniuliza habari za nyumbani. Nikitoka, watoto wamejificha nyuma ya uzio wa makuti wanapiga kelele: "Mjomba! Mjomba! Mjomba!" halafu wanakimbia.

Nilimkamata mmoja. Nikampiga makofi mpaka pua ikatoka damu, na yeye anasema hakuwa yeye, alikuwa mwenzake. Bibi yake akatoka ndani. Nilidhani atanigombeza, nikajiandaa.  Alimfuta pua kwa pindo la khanga, akamshika mkono wakaingia ndani, akafunga mlango.

Jumatatu, 7 Oktoba

Zaina kaja mchana na mchi.

Walikuwa hospitali, Nachingwea mjini, tangu Alhamisi ile. Kaimu kafungwa P.O.P., ile plasta ya mfupa, hadi juu ya kiwiko. Nilikuwa nakula ugali peke yangu barazani nikamwona anaingia uani na mchi begani, nikadhani anakwenda kutwanga kwa jirani. Nikamwambia karibu. Akauteremsha mchi begani akanipiga nao bega lile lile lililong'atwa. Sahani iliruka. Nikajaribu kusimama, akanipiga wa shavu, nikaona giza. Nimetema jino.

"Mtoto wangu umemfanya kibarua wako! Mume wangu umemvunja! Umebakiza nini, kaka? Sema! Umebakiza nini?"

Nikamwambia kwa mdomo wa damu kwamba ilikuwa amri.

"Amri! Amri ya nani? Alikwambia upige baada ya basi?"

 Mdogo wangu huyu nilimbeba mgongoni, mimi ndiye niliyepokea mahari yake. 

"Kaimu angekutaja siku ile ungefungwa wewe. Nilimwambia, mtaje. Akaniambia hawezi kunivunjia kaka. Sasa sikiliza. Mtoto akifutwa shule nitarudi na mchi huu, na sitapiga bega."

Akaenda zake. Kuku wakaja kula ugali uliomwagika.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimeomba ruhusa. Kesho nakwenda Nanganga.

Alhamisi, 10 Oktoba. Nanganga

Nimefika kwa mama adhuhuri. Moshi umejaa uani. Hafidha alikuwa amechuchumaa mbele ya bati la kukaangia korosho, amefunga kitambaa puani, anabangua. Akaniona, akapiga goti.

"Shikamoo mjomba. Umekuja na gari la magunia?"

Nikamwambia anionyeshe mikono. Akaificha nyuma. Nikamshika kwa nguvu. Ya Rabi! Yale mafuta ya ganda la korosho yamemla vidole vyote, ngozi imebanduka, kwingine kweusi, kwingine kwekundu kunatoa maji. Kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kulia havikunjiki.

"Utashikaje kalamu?" nikamuuliza.

"Mjomba si ulisema shule nitarudi ukisema wewe? Nikaona hujasema."

Nikamwambia afunge mzigo wake. Hapo mama akatoka na mkongojo wake, kwa nyonga mbovu hivyo hivyo. "Haendi! Korosho za juu bado ziko mtini!" Akamdaka mkono mmoja, mimi nimeshika wa pili. Tukamvuta, mama yangu kule, mimi huku, na mtoto analia, "Mikono! Bibi, mjomba, mikono yangu!" Mama akanichapa mkongojo wa kichwa. Nikamsukuma. Nilimsukuma mama yangu mzazi, akaanguka kwa nyonga ile ile, akapiga ukunga majirani wakajaa.

"Wewe ndiye uliyemleta!" anapiga kelele chini pale. "Ulisema mtoto ni wako, tumtumie! Leo umekuwa serikali?"

Majirani walimwinua. Mmoja akaniuliza kama nimelewa. Ningependa ningekuwa nimelewa.

Ijumaa, 11 Oktoba

Ndani ya gari la kurudi Hafidha alikaa dirishani, mikono kaifunga vitambaa vyenye mafuta ya nazi, kaiweka mapajani. Tulipopita Ruangwa akaanza kuuliza habari za nyumbani. Mama mzima? Mzima. Wadogo zake? Wazima. Baba?

"Baba yako kavunjika mkono."

"Kaanguka?"

"Hapana. Kavunjwa. Na mgambo, kwa sababu ya utoro wako."

Akafikiri. "Wewe ulikuwepo, mjomba?"

"Nilikuwepo."

"Hukuwazuia?"

Nikatazama barabara. Konda alikuwa anadai nauli, nikajifanya natafuta mfukoni. Hafidha hakuuliza tena. Lakini anajua kuhesabu vitu, mtoto huyu. Tulipokaribia kushuka nikamwona anatazama rungu langu lililokuwa kati ya magoti, halafu shavu langu lililovimba, halafu rungu tena.

Jumanne, 15 Oktoba

Jana ofisi zilifungwa kwa sikukuu. Leo asubuhi tulikwenda shuleni na Zaina na Kaimu. Mimi natembea nyuma yao. Mwalimu Andrea akatazama mikono ya Hafidha, akafumba macho kidogo, akasema siku tisini hazijatimia, aingie darasani sasa hivi. Akaingia. Nikashusha pumzi. Nikadhani yamekwisha.

Polisi walikuwa wanasubiri ofisini kwa Mama Beatrisi. Keshampelekea mkuu wake jina la Kaimu, mzazi sugu, aende mahakamani Nachingwea awe mfano. Kaimu kasimama mbele ya meza na mkono wake mweupe wa P.O.P. Zaina kamshika shati.

Nikasema. Hatimaye nikasema. "Mama, si yeye. Mimi ndiye niliyemtoa Hafidha shule. Nilimpeleka kwa mama yangu kuokota korosho. Nilikudanganya."

Mama Beatrisi alinitazama kwa huruma. Huruma! "Ausi, naelewa. Ulimvunja mkono, sasa roho inakusuta, unataka kumsaidia ndugu yako."

"Si kumsaidia. Ni kweli!"

"Mtoto anaishi kwa nani? Anakula kwa nani? Kwa baba yake. Sheria inamtaka huyo. Wewe mjomba unaingiaje?"

"Kwetu mtoto ni wa mjomba, Mama. Uliza mtu yeyote. Mwalimu, mwambie!"

Mwalimu Andrea akatazama dirishani. Fortunatus akatazama buti zake. Mama Beatrisi akamgeukia Kaimu. "Haya, wewe sema. Mtoto ni wa nani?"

Kaimu aliinama, nikajua ni heshima zake zile, nikataka kumwambia sema, nakuruhusu, nitaje. Kumbe hakuwa ananifikiria mimi. Akanyoosha mgongo, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba ni mrefu kuliko mimi.

"Hafidha ni mtoto wangu," akasema. "Andika mimi."

Sijui nilipandwa na nini. Nilikuja kumwokoa! Nilikuwa natoa shingo yangu, na yeye ananinyang'anya mtoto mbele ya serikali! Nikasikia sauti yangu inasema, "Mtoto ni wangu! Ni wangu mimi!" na ngumi yangu imeshampata pua, akaangukia meza, karatasi zikaruka, Zaina akanishika masikio akayavuta, na Fortunatus, Fortunatus huyu huyu wa kuniita kamanda, akanipiga rungu la mbavu, halafu la goti, halafu sikuhesabu. Nikiwa sakafuni niliwaona wanafunzi wamejazana dirishani. Hafidha alikuwa katikati yao.

Tulipelekwa Nachingwea gari moja. Yeye kwa utoro wa mtoto, mimi kwa shambulio.

Jumatano, 30 Oktoba

Nimerudi tangu juzi. Rungu na sare vimechukuliwa. Mbavu zinauma nikicheka, lakini sina cha kucheka.

Kaimu alitolewa kabla yangu, ndugu zake wa Masasi walikuja wakamaliza mambo yake. Lakini siku za mwanzo tulikuwa chumba kimoja cha mahabusu. Hakunisemesha mpaka siku ya pili. Mimi nilimwambia angalau tumo wote humu, shemeji, nimekuja kulipa. Akanitazama na pua yake iliyovimba.

"Usichanganye mambo," akasema. "Wewe umeingia humu kwa kunipiga. Mimi nimeingia kwa ajili ya mwanangu."

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja, si siku ile ya fimbo, si siku ya ofisi.

"Siku ya fimbo ilikuwa heshima. Siku ya ofisi haikuwa heshima. Tangu niwe na watoto ndio mara ya kwanza mtu kuniuliza mimi mtoto ni wa nani. Ningekuachia tena?" Akajigeuza taratibu, anaulinda mkono. "Nikitoka nawahamisha wote kwetu Masasi. Zaina kakubali. Mama Mtendaji katusaidia, hajui tu."

Nilitaka kumrukia. Nilisimama kabisa. Halafu nikakaa.

Fortunatus analinda mlango wa chumba cha mtihani. Kanipitia jana kuniomba radhi kwa mbavu, akaniambia Hafidha anaandika kalamu ikiwa imefungwa kwa kitambaa kwenye vidole, na msimamizi kamwongezea karatasi.

Leo mvua ya kwanza imedondoka, matone makubwa yaliyotoboa vumbi tu. Nilikuwa natoka kisimani nikakutana na Hafidha kwenye njia nyembamba, anatoka mtihani, sare yake ina madoa ya maji. Akasimama. Akapiga goti kama alivyofundishwa, hakukosea kitu.

"Shikamoo."

"Marahaba. Mtihani?"

"Mzuri."

"Mikono?"

"Inapona."

Nikatafuta la kusema. Nikamuuliza wanaondoka lini.

"Baba atasema," akanijibu.

Nikampisha njia, akapita.